Miwani, Chapati na Mizaha Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Gakii, mpwa wa mke wangu Teresia, anaolewa Desemba na anatafuta mshereheshaji. Kazi hiyo naitaka mimi, lakini nasikia atamchukua jirani yetu Victor. Victor! Mtu anayecheka mzaha wake mwenyewe kabla hajaumaliza! Mimi naamini uchekeshaji ni kazi nzito; aliye jukwaani hacheki, hata meno haonyeshi. Nimemweleza Teresia. Akasema basi mimi ni bingwa, maana hata wanaonisikiliza hawacheki. Imeniuma. Miaka miwili sijamchekesha mke wangu. Mizaha ya Victor inamvunja mbavu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepewa dakika tano za kuchekesha watu kwenye chakula cha shukrani cha kanisa hapa Walthamstow, Jumamosi. Gakii atakuwepo. Ni hapo au basi tena! Nimewaomba Miradie na Plamedi, Wakongo ninaofanya nao kazi ya kutunza wazee, waje. Nikivua miwani, wacheke. Malipo: chapati za moto. Plamedi akauliza kama mizaha yenyewe inachekesha. Nikamwambia hilo halimhusu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Balaa! Kabla ya zamu yangu mchungaji alisimama kumkumbuka marehemu mzee Griffins. Nilimpenda mzee yule. Machozi yakanilenga, nikavua miwani nijipanguse. Wale wawili wakaangua kicheko! Nikawapungia mkono wanyamaze. Wakaongeza, Miradie akipiga meza. Ikabidi nisimame, niombe radhi, nieleze yote: miwani, chapati, Gakii, Victor. Nilieleza kwa uso mkavu kabisa. Kila nilipoeleza, watu walizidi kucheka. Mjane wa mzee alicheka mpaka kilemba kikamwanguka. Teresia alitokwa na machozi ya kicheko. Aibu gani hii! Mizaha yangu hata sikuisoma.

Jumapili, 12 Oktoba

Gakii amepiga simu. Ananitaka mimi, si Victor, mradi niongee kama jana. Teresia naye amenishika mkono, akasema hajacheka vile tangu tuoane. Nimewajibu wote wawili kwamba ile haikuwa sanaa, ilikuwa ajali. Harusini nitasoma mizaha niliyoandika, kurasa kumi na mbili, na atakayecheka kabla sijafika mwisho atolewe nje.

Teresia amekimbilia jikoni na kufunga mlango. Namsikia huko akicheka mpaka anakohoa. Bila shaka Victor amempigia simu.