Ndama Aliyenona Aenda Mbarara

Jumatano, 10 Julai 2024. Misiera, Nakivale

Igizo la kanisa limegawiwa. Mwana Mpotevu: Nehemiya. Ndama aliyenona: mimi. Miaka minne katika kundi hili, hatimaye nimepandishwa cheo na kuwa nyama! Mama Vestine, kiongozi wetu, anasema umbo ninalo. Nikamshukuru kwa unyenyekevu.

Tatizo ni Clémence, binti ninayemtaka. Anashona nguo Mbarara, na nilishamwambia kwamba Mwana Mpotevu ni mimi. Jumamosi anakuja kututazama kwenye kanisa la Nyamitanga, hukohuko mjini, na amealika wenzake wote wa cherehani. Kwa hiyo Nehemiya lazima abaki hapa kambini Nakivale.

Alhamisi, 11 Julai

Mungu hakuniacha. Kundi likitoka kambini linahitaji barua ya ruhusa yenye majina ya wasafiri wote, kisha muhuri wa ofisi ya Base Camp, makao makuu ya kambi. Nani ana mwandiko mzuri? Nikajitolea kabla swali halijaisha. Mama Vestine akanisifu mbele ya watu, eti nimepata moyo wa utumishi.

Tuko kumi na wawili. Nimeandika majina kumi na moja. Kila mtu hukosea!

Juu kabisa, kwa herufi kubwa: Mtumishi Appolinaire, Mkurugenzi Msaidizi. Appolinaire ni jina langu la jukwaani, nimejichagulia mwenyewe. Lina uzito. Kwenye karatasi ya familia na kwenye kadi yangu ya ukimbizi wameniandika Gervais Nshimirimana, kama mtu yeyote tu.

Ijumaa, 12 Julai

Maneno ya Nehemiya nimeyakariri yote. Kilio nimekifanyia mazoezi nyuma ya choo. Jirani yetu Libérate akaja mbio kuuliza nani amefariki. Nikamweleza kwamba ni sanaa. Akaniletea uji wa pole hata hivyo.

Jioni akaja Nehemiya na mkia wa ndama, ameusuka mwenyewe kwa katani. Anasema ndama wa mwaka jana hakuwa na mkia, watu wakadhani ni mbwa. Mkia mzuri sana. Niliona aibu kwa dakika mbili hivi.

Jumamosi, 13 Julai. Barabarani

Tumeondoka asubuhi kwa lori la mahindi. Nehemiya naye kapanda, anaimba! Sikujali. Kizuizi cha polisi kilikuwa mbele.

Askari akasoma majina, mmoja mmoja, na kadi mkononi. Akafika mwisho: Nehemiya. Nikadhani nimesikia vibaya. Mama Vestine akaninong'oneza nisiwe na wasiwasi, aliona nimemsahau ndugu yetu, akamwongeza mwenyewe kabla ya muhuri.

Kisha askari akarudi juu ya orodha, kadi yangu bado iko mkononi mwake.

“Hii kadi inasema Gervais. Appolinaire iko wapi?”

Nikamweleza kuhusu majina ya jukwaani. Akajibu kwamba hapa hakuna jukwaa, hapa iko barabara, na nishuke. Mama Vestine akanitazama.

“Kumbe weye ni Gervais? Miaka yote hii?”

Aliyenitetea hadi mwisho ni Nehemiya. Afadhali angenyamaza. Lori likaondoka. Nikabaki kando ya barabara na mkia wangu kiunoni, nikisubiri gari la kurudi. Mbuzi wa watu wakanifuata. Nililia, na safari hii hayakuwa mazoezi.

Jumapili, 14 Julai. Misiera

Wamerudi. Nyamitanga kanisa zima lililia. Nafasi yangu ilichukuliwa na gunia la mahindi lililofungwa kitenge. Mama Vestine anasema lilitulia vizuri sana.

Clémence ameniandikia. Hakuuliza nilikuwa wapi. Ameomba namba ya Nehemiya.

Mwezi ujao tunaenda kuigiza Kamukuzi. Barua nyingine inatakiwa, nami nimejitolea tena. Mama Vestine alisita, Nehemiya akasema nipewe nafasi. Somo nimelipata: jina liwe lile la kwenye kadi. Nimeandika vizuri kabisa, juu: Askofu Gervais Nshimirimana.

Chini yake nimeongeza majina mengine kumi.