Ombi la Kuandikishwa Kuwa Mtu Asiyejua Atampigia Nani Kura

Eliseo Barrientos,
Mtaa wa Mesquite,
San Ciriaco, Texas.
Oktoba 19

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Democrat, Tawi la San Ciriaco.

YAH: UAMINIFU WANGU NA MADHARA YAKE

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini hujambo na kampeni zinakwenda salama. Mimi ni fundi mstaafu wa mabasi ya shule. Nimekipigia chama chako kura miaka arobaini na minne bila kukosa, hata mwaka ule nilipofika kituoni mguu ukiwa ndani ya plasta. Marehemu baba alikuwa wenu tangu enzi zile mtu alipotozwa kodi ndipo aruhusiwe kupiga kura. Alivuna pamba ya watu ili ailipe. Kwa heshima hiyo, naleta malalamiko yafuatayo.

1. Ng'ambo ya barabara anakaa shemeji yangu Rogelio Cantú, kaka wa mke wangu Amparo. Mwezi wa nane alisimama kwa kinyozi akatangaza kwamba safari hii hajui atampigia nani. Ndugu Mwenyekiti, huyu bwana hajui hata funguo zake ziko wapi, na kwa hilo hakuna aliyewahi kuja kumsikiliza. Tangu siku hiyo kwake ni kama kuna harusi. Republican wamekuja mara sita, ninyi mara saba. Mwandishi wa gazeti amesafiri kutoka New York kumpiga picha akiwa ameegemea gari lake bovu, akitazama mbali. Rogelio haoni mbali.

2. Mjumbe wenu alikuja kwangu mara moja tu. Amparo alikwisha tenga mezani tamale, zile za unga wa mahindi zenye nyama ndani. Yule mama akatazama simu yake, akaona jina langu, akatabasamu. "Aa, Mzee Barrientos! Wewe ni wetu, huna tatizo." Nikamwambia, "Tatizo ninalo, kaa nikueleze." Akasema, "Hapana mzee, nawahi kwa Rogelio." Tamale akazibeba, akaenda kuzila huko.

3. Mgombea wenu mwenyewe alifika kwa Rogelio, akataka kutufurahisha kwa Kihispania. Alikusudia kusema ana njaa. Akakosea herufi moja, badala ya "hambre" akatamka "hombre", yaani ana mwanamume. Mama mkwe wangu, Doña Chayo, mwenye miaka tisini na moja, akamshika mkono: "Hongera, mwanangu. Mimi wangu alikufa." Vicheko nilivisikilizia kwenye uzio wangu, kwa kuwa sikualikwa.

4. Jumapili wataalamu wa televisheni walionyesha mchoro wa "kura ya Walatino", yaani sisi sote wenye asili ya wasema Kihispania. Mimi wa Texas, yule Mkyuba wa Miami na yule Mpuertoriko wa New York tumepakwa rangi moja ya chungwa. Sina ugomvi nao, lakini hatujawahi kukubaliana hata namna ya kupika maharage. Mtaalamu akasema kundi letu "linahama". Mimi sijahama popote. Nyumba hii aliijenga babu yangu. Anayehama ni Rogelio, na hata yeye amefika getini tu.

5. Nilipomkabili, Rogelio alinijibu hivi: "Shemeji, binti yangu yuko na walinzi wa mpakani, mwanangu yuko kwenye visima vya mafuta. Wale wengine walikuja kuniuliza habari za kazi hizo. Wenu walikuja kuniletea bendi." Ukweli ni kwamba bendi ni ile ile iliyoletwa na Republican, wamebadilisha tai tu. Lakini maneno yake yaliniuma, maana nilikuwa nimejiandaa kumshinda.

Kwa hiyo naomba niandikishwe rasmi kuwa sijui, kuanzia leo hadi saa moja jioni ya siku ya uchaguzi. Kura yangu mtaipata kama kawaida, ila msimwambie mtu. Ikishindikana, mtaa wetu umekwisha panga zamu ya kuyumba kati ya vyama, kila nyumba wiki moja. Tutaanza sisi, watafuata akina Treviño, kisha Doña Chayo, ambaye kwa sababu ya umri ameomba ayumbie pande tatu. Mkikataa yote hayo, itanibidi niwe sijui kwelikweli, jambo ambalo daktari amenikataza kwa ajili ya presha.

Nisalimie wajumbe wote, wapiga simu, wabandika mabango, na yule mama wa ofisini anayeandika jina langu "Elisa".

Wako mtiifu, kwa sasa nikiyumba,
Eliseo Barrientos

N.B. Nikiwa natafuta stempu, mjumbe wenu mwingine amebisha hodi. Ni dada mwenye adabu sana, ana daftari, akaita kwa sauti: "Mzee Barrientos, leo nimekuja kukusikiliza, nina saa nzima!" Kusikia hiyo saa nzima, mimi na Amparo tukalala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni. Dada akavuta kiti barazani, akakaa dakika arobaini. Rogelio akampigia kelele kutoka ng'ambo, "Wamo humo! Gonga dirisha la jikoni!" Akaligonga. Ndugu Mwenyekiti, nakusihi, nirudishe kwenye orodha ya watu wenu wasio na tatizo, na asije mtu tena.