Plagi Nne za Kumpeleka Jasmin

Jumatatu, 4 Agosti

Kikao cha kamati ya harusi, sebuleni kwa shemeji Selina, Kiseke. Ajenda: nani ambebe bibi harusi Jumamosi mpaka kanisani Sengerema. Zadok, kaka yake Selina na mjomba wa Jasmin, amekuja na gari lake jipya jeusi, akaliegesha mlangoni ili kila mjumbe alipite kiubavu. Hiyo si hoja, ni hongo. Nikasimama. Nikasema Jasmin ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na baba mdogo ni baba. Atashuka kwenye gari langu, ataingia kanisani kwa mkono wangu. Nilisema kwa kirefu. Wajumbe wawili walisinzia, nikahesabu usingizi wao kuwa ridhaa. Nimeshinda. Zadok akauliza, kwa upole wa kinafiki, kama gari langu bado linakohoa. Nikamjibu linasafisha koo. Wakacheka. Walimcheka yeye, nadhani.

Linakohoa kweli. Kwenye mlima wa Kiseke injini inakatakata kama hotuba ya waziri. Ni plagi.

Jumanne, 5 Agosti

Mjini, dukani kwa Liaqat. Baba yake alimuuzia vipuri baba yangu, kwa hiyo tunatukanana kwa urithi. Akataka namba ya injini. Nikaanza kumweleza historia ya gari. Akasema anataka namba, mwalimu, siyo wasifu. Akaweka mezani aina mbili: za kawaida na za iridiamu, zile za bei. Nikauliza Zadok hununua zipi. Akasema siri ya mteja ni siri ya mteja, huku akizisogeza za iridiamu. Nikachukua hizo. Akaniambia pengo la kurushia cheche limeshapimwa kiwandani, nisiliguse, wala nisipige msasa. Nisiguse! Mali yangu mwenyewe. Sauti hiyo naijua. Ndiyo iliyotutawala.

Jumatano, 6 Agosti

Nimesoma maandishi kwenye boksi. Pengo ni milimita moja nukta moja. Nani aliamua? Mtu wa nchi ya baridi ambaye hajawahi kupanda Kiseke na shangazi zangu ndani. Cheche ndogo kwa watu wadogo. Mantiki ni rahisi: pengo likiwa pana, cheche inakuwa ndefu, cheche ikiwa ndefu, nguvu inazidi. Nimepanua zote nne kwa bisibisi mpaka ukingo wa sarafu ya shilingi mia ukapita. Moja imevunjika ncha kidogo. Haina neno, imepungua uzito. Mke wangu Awuor akauliza kama Liaqat hakunikataza. Nikamwambia ndiyo maana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelijaribu peke yangu, barabara ya tambarare. Linanguruma. Nimepita mbele ya nyumba ya Zadok mara kadhaa. Mara ya mwisho alitoka na mswaki mdomoni, akashauri nilijaribu na mzigo. Wivu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mlima wa Kiseke, kreti za soda nyuma. Gari limekatakata, likatingishika, likazima mbele ya kijiwe cha bodaboda. Mmoja akaniuliza mzee, unasukumwa au unapumzika? Awuor anasema nikanunue plagi nyingine. Leo Nane Nane, Liaqat amefunga duka. Plagi za zamani nilizitupa kwa hasira za kisiasa.

Jioni akaja Zadok, bila kejeli. Akasema shemeji, tutumie gari langu, mimi niwe dereva tu, wewe ukae nyuma na mtoto, ushuke naye, umwingize kanisani. Hakuna atakayehoji. Nikamwambia gari langu halina tatizo, tatizo ni mzigo. Baada ya hapo nikatoa tairi la akiba na jeki. Nikamtoa pia shangazi Teodora kwenye orodha ya abiria. Amenikumbusha kwamba alinibeba mgongoni. Nikamjibu enzi hizo nilikuwa mwepesi.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulitoka vizuri. Matarumbeta mbele kwenye pikapu, mimi na Jasmin tukifuata, msafara nyuma yetu. Alikaribia kulia, nami pia, ingawa kwa sababu tofauti: Usagara injini ilianza kukohoa.

Daraja la Busisi, upepo wa ziwa, gari likafa.

Desturi inasema hakuna kulipita gari la bibi harusi. Basi hakuna aliyepita. Msafara mzima ukasimama darajani ukipiga honi, na matarumbeta wakarudi kinyumenyume, wakatuzunguka wakipiga, kwa sababu wamelipwa wapige. Zadok akaja dirishani. Nikamwambia desturi ni desturi, asubiri. Akasema padri hasubiri. Nikaanza kueleza chimbuko la desturi.

Jasmin akasema taratibu, baba mdogo, nifungulie mlango.

Nikamwambia dakika moja tu. Akaufungua mwenyewe. Akakunja gauni mkononi, akatembea kwenye upepo mpaka gari jeusi. Hakugeuka.

Mimi nilivutwa kwa kamba na pikapu ya matarumbeta. Tulipofika, watu walikuwa wanatoka kanisani. Zadok ndiye aliyemwingiza. Selina akanitafutia nafasi kwenye picha, pembeni kabisa. Nimeiona. Nimetokea bega.

Jumatatu, 11 Agosti

Jasmin hajapiga simu. Liaqat alizishika plagi zangu, akauliza mwalimu, zimeliwa na panya? Nikanunua nyingine nne. Akarudia maneno yale yale ya kiwanda. Sikumsikiliza.

Desemba anaolewa binti yangu mwenyewe, Akelo. Hapo Zadok hana cha kusema, baba ni mimi. Nilimpa Akelo habari njema wakati wa chai. Akasema yeye kanisani atakwenda kwa miguu. Nikamwambia haina haja, nimeshaliona kosa. Nilipanua pengo kidogo mno, kwa woga.