Gari Limelala Butiama

Jumatatu, 1 Juni 1987
Leseni ya malori ninayo siku ya kumi na nne. Baiskeli niliyouza ili nisomee udereva imeshabadilisha mwenyewe mara mbili. Mama Euphrasia wa Kitaji, msafirisha dagaa, ananitaka kesho asubuhi. Anatoa sabuni miche miwili kila mwezi, na sabuni siku hizi haionekani! Lakini tairi nzima za lori lake ni nne kati ya sita. Nampa alama sita kwa kumi. Nimemwambia nitafikiria. Tajiri akikupata kirahisi anakudharau. Mke wangu Boke amesema nikichaguachagua nitabaki na leseni ya kuwaonyesha kuku. Baba yake amenipa mpaka Jumamosi: nisipokuwa na kazi, anamrudisha binti yake Bunda.

Jumanne, 2 Juni
Bunda. Mzee Magesa, msafirisha pamba. Tairi sita, zote mpya! Alama nane. Nikamwambia kwamba Mama Euphrasia amenililia nisiende kwingine, kwa hiyo yeye aongeze. Akauliza alilia machozi au kamasi. Nikasema vyote. Kumbe ni dada yake, tumbo moja! Amenifukuza. Dada yake, anasema, hajaliaga hata kwenye msiba wa mumewe.

Jumatano, 3 Juni
Kitaji, mbio. Nimechelewa. Usukani kapewa Thadeo! Thadeo niliyesoma naye udereva, aliyegonga pipa mara tatu akirudi nyuma. Mimi mara moja tu. Kaniita suka mtarajiwa, dereva wa kesho, mbele ya wauza dagaa. Boke hakunicheka. Ameanza kukunja vitenge. Hiyo ni mbaya zaidi.

Alhamisi, 4 Juni
Tumaini! Bwana Clementi, mwenye lori lake, yuko hapa Musoma anatafuta dereva haraka. Anasema gari limelala Butiama, leo usiku wa tano. Wa tano! Nikapiga hesabu: gari likilala safarini, dereva anapata posho. Tano kwa wiki, ishirini kwa mwezi. Alama tisa na nusu. Nimedai posho ya kila usiku litakaolala nje ya nyumbani kwake. Kakubali bila kubisha, huku akikohoa. Leseni yangu kaishika mpaka mwisho wa mwezi, nisimkimbie. Nani mjanja sasa?

Ijumaa, 5 Juni
Butiama. Limelala kweli. Ubavu, mtaroni, tairi zote sita vipara. Dereva wa kwanza alikimbia. Kazi yangu ni kulilinda mpaka lipatikane gari la kulivuta. Nikadai posho yangu. Clementi akasema mtaro huu uko kwenye shamba la mama yake, kwa hiyo gari limelala nyumbani. Nimerudia hesabu mara tatu. Sifuri.

Jumamosi, 6 Juni
Thadeo kapita akirudi Musoma kutoka kushusha dagaa, kasimama. Mikono inanukia sabuni! Kaleta ujumbe wa Boke: baba yake ameshafika kwetu Kamunyonge, ameshakunywa chai, wanaondoka na basi la saa kumi. Halafu akasema, ndugu yangu, Mama Euphrasia kapata lori la pili, anakuita, panda twende, leseni atakuombea mwenyewe kwa Clementi. Moyo uliruka. Lakini nikifuatwa mpaka mtaroni, si thamani yangu imepanda? Nimemwambia atangulie, akamwambie Mama Euphrasia kwamba Clementi analia hataki kuniachia. Na asisahau kutaja tairi sita.

Saa kumi kasorobo. Nimekaa juu ya mlango wa dereva, ndio unaotazama mbinguni. Nasikiliza kama Thadeo anarudi.