Kipepeo wa Plastiki

Jumatatu, 3 Machi
Bwana shamba anatafuta picha ya jalada la kalenda. Anataka kitu kidogo cha shambani ambacho watu hukipita bila kukiona. Shemeji, kaka wa mke wangu, ameshampelekea sisimizi aliyebeba bawa la nzi. Shemeji ni muuguzi. Kazi yake sindano. Mwenye studio ya picha hapa ni mimi.

Mke wangu kanishauri niende shambani asubuhi, nipige magoti, nitulie, nitazame. Nimepiga magoti. Nimetazama. Majani matupu. Suruali imelowa.

Jumanne, 4 Machi
Viumbe hawana ushirikiano. Nimepata utando wa buibui, mzuri ila mkavu. Nikaupulizia maji ya sukari ili matone yang'ang'anie kama umande. Yameng'ang'ania. Nyuki nao wameng'ang'ania jicho langu la kushoto.

Zahanati, nani yuko zamu? Shemeji. Akaniuliza, kwa upole wa kukera, nilikuwa napiga picha ya nini. Nikamwambia ni siri ya kazi. Akanipaka dawa huku anatabasamu. Tabasamu lile limeniuma kuliko nyuki.

Alhamisi, 6 Machi
Nimenunua kipepeo wa plastiki. Hang'ati, haruki. Nimemfunga kwa uzi kwenye jani la mgomba. Kazi safi, isipokuwa doa la kijani pembeni mwa picha. Nimefuta lenzi. Doa lipo. Nimefuta tena. Doa limehama. Kamera hii imenichosha. Nimempelekea bwana shamba hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshinda. Bwana shamba kaja mwenyewe hadi studio. Anasema hajawahi kuona chura mdogo kiasi kile, hafikii hata ukucha, kajibanza pembeni mwa jani na macho yake ya dhahabu.

"Ulimwonaje?" akauliza.

"Uzoefu," nikajibu.

Akaomba ruhusa amwondoe kipepeo, maana uzi unaonekana. Shemeji, ambaye hakosekani pasipotakiwa mtu, akasema kesho twende wote shambani, mikono mitupu, nikamfundishe kutazama. Mke wangu akatoka nje ghafla. Nilimsikia akikohoa. Kama kweli kilikuwa kikohozi.

Nimekataa. Sina muda wa kukaa nyasini. Ni wazi kabisa kwamba kipepeo ndiye aliyemvuta chura. Kesho nawahi dukani kuchukua vipepeo wengine, wakubwa zaidi, na uzi mwembamba.