Beji Tano za Kumzuia Bubu

Jumatatu, 1 Septemba
Lori lisilo na dereva limeanza kazi machimboni leo. Tani tisini, na usukani unajizungusha wenyewe! Bwanaheri, dereva wetu wa zamani, amelipa jina la Bubu. Kanuni: hakuna kushuka shimoni bila beji yenye betri. Beji humjulisha Bubu kuwa hapa pana mtu, naye husimama. Mtunza beji ni mimi. Meneja wetu, Bi Sabiha, anasema mkaguzi atakuja Alhamisi. Bubu akifaulu, mkataba wangu utaongezwa. Akifeli, nirudi kijijini kwetu Mlingotini. Nimeahidi kufuata kanuni neno kwa neno. Kisha nimechukua beji nne za walio likizo, nikazishonea ndani ya koti pamoja na yangu. Tahadhari kabla ya hatari.

Jumanne, 2 Septemba
Balaa. Bubu amesimama mara kumi na moja, kila mara mbele ya dirisha la ofisi yangu, kando ya barabara yake. Fundi hakuona hitilafu. Nimeandika ripoti ya kurasa tatu: vumbi kwenye kamera. Shamsudin, karani mwenzangu, amemnong'oneza Bi Sabiha kwamba barabara imekatiza makazi ya mashetani, aitwe maalimu kutoka kwao Bagamoyo. Mtu mwenye digrii! Ripoti yangu imewekewa kikombe cha chai juu yake.

Jumatano, 3 Septemba
Maalimu kaja. Ubani, mbuzi, pilau. Alitaka sote tutie udhu kwanza. Nikatundika koti ndani ya kontena la chuma. Dua ikasomwa. Bubu akapita dirishani mara ishirini bila kusita! Shamsudin akapewa mikono kama bwana harusi. Nikalitazama kontena. Nikamtazama Bubu. Nikaelewa: chuma kilizificha beji zangu. Sikumwambia mtu, ningeanzia wapi? Nikala pilau, nikaapa kwamba kesho ni beji moja tu.

Alhamisi, 4 Septemba
Mkaguzi alitaka mtu asimame katikati ya barabara, Bubu amjie. Bi Sabiha akasema aende aliye mwangalifu kuliko wote. Wote wakanigeukia, Shamsudin wa kwanza. Nikaomba ruhusa nikachukue koti.

Bubu akateremka, mkubwa kuliko msikiti wa kwetu. Nikapiga shahada. Akasimama mita ishirini kutoka nilipo. Makofi! Lakini mkaguzi alikuwa akitazama skrini yake, anahesabu, anahesabu tena. Akauliza, "Wengine wanne wako wapi?"

Bwanaheri akakohoa.

"Ni huyo huyo, bwana. Ana woga wa watu watano."

Koti likachanwa bitana mbele ya kila mtu. Hata maalimu, aliyerudi kuchukua sufuria yake ya pilau, alishuhudia.

Jumamosi, 6 Septemba
Bubu amefaulu. Nimeongezewa miezi mitatu, kwa sharti la beji moja. Sanduku la beji amekabidhiwa Shamsudin, ambaye bado anashikilia kuwa ilikuwa dua. Bi Sabiha ameniuliza nimejifunza nini. Nimemjibu kwa adabu kwamba nimejifunza mengi.

Na kweli, maana nimepiga hesabu. Beji tano, mita ishirini: kila beji mita nne. Kwa hiyo beji moja ni mita nne tu! Nani anaweza kuishi hivyo?

Nimemnunulia Shamsudin halua, kilo nzima. Amelainika. Anasema wiki ijayo watu saba wanakwenda likizo.