Milioni Tisini, na Sishuki

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeamua. Nauza nyumba ya Bwera, tunahamia Kasese. Hajati Mayimuna ana kiwanja kule, kando ya barabara kabisa, chenye vyumba viwili vya duka. Bei yake milioni hamsini. Ananishikia mpaka Ijumaa saa kumi, baada ya hapo anampa mwingine. Mke wangu Jamira ameshachagua chumba chake cha kushonea. Cherehani ameifunga kamba tayari!

Sasa bei ya nyumba. Jamira anasema sitini: hamsini za Hajati, sita za mwenyekiti wa kijiji, nne za lori na mengineyo. Hapa kwetu nyumba ikiuzwa, mwenyekiti hupewa fungu moja katika kumi, ndipo muhuri utoke. Hesabu ya kike. Sebule yangu ina vigae! Jirani yangu Syahuka ana sakafu ya saruji na bati lenye kutu, na hata yeye anajiona tajiri. Nimeandika tisini.

Jioni nikaenda kwa mwenyekiti Baker kumpa taarifa. Akafungua kitabu chake, akauliza bei. Nikasema arobaini. Fungu lake litakuwa nne badala ya tisa. Akaandika bila hata kukohoa. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya soko Mpondwe. Mteja! Anselme, mwuza mawese kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Anataka nyumba upande huu awe karibu na soko. Akapima vyumba kwa hatua, akagonga kuta, akanywa chai ya Jamira vikombe vitatu. Nikamtajia tisini. Akauliza kwa upole, "Papa Shafic, hii bei iko ya nyumba ao ya mulima muzima?"

Nilikuwa nimejiandaa. Binamu yangu Latif alitakiwa kupiga simu wakati huo huo, ajifanye tajiri wa Mweya anayetafuta nyumba ya wageni. Akapiga. Nikaweka sauti ya juu ili Anselme asikie. Latif akasahau bei! Akasema yuko tayari kutoa hamsini taslimu. Mteja wangu wa uongo ananipa bei ya chini kuliko mke wangu!

Anselme akatabasamu, akasema yeye atatoa sitini. Jamira akanikanyaga mguu chini ya meza. Kisigino kizima. Nikasema themanini na tano, neno la mwisho. Akaaga, akasema atafikiri. Jamira akaniambia, "Baba Nabila, mtu ameleta sitini mpaka kwenye kiti chako." Nimemweleza kwamba mteja anayefikiri ni mteja aliyenaswa.

Jumatano, 5 Novemba

Hakuja. Vizuri. Anateseka.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku mbaya. Mgeni anayetaka nyumba hapa hupita kwanza kwa mwenyekiti kuuliza kama ina kesi. Hilo nalijua tangu utotoni. Kwa nini sikulikumbuka Jumatatu?

Anselme alipita. Baker, mtu mnyoofu, akamwambia nyumba haina kesi, akamfungulia kitabu. Saa nne wakaja wote wawili. Anselme akaweka mkoba mezani na kusema, "Mimi nitalipa ile yenye iko mu kitabu." Arobaini!

Kukataa ni kukiri mbele ya Baker kwamba nilimdanganya. Kukubali ni kupoteza kiwanja cha Hajati. Nikasimama, nikasema kwa sauti nzito kwamba nimebadili nia, nyumba hii ni ya ukoo, haiuzwi. Baker akauliza ukoo gani, maana aliniona nikiijenga. Jamira akatoka nje. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ameshikilia ukuta. Kisha hakucheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Syahuka alikuwa anapogoa ua wake pale pale. Tangu lini Syahuka anapogoa ua asubuhi?

Ijumaa, 7 Novemba

Syahuka ameuza nyumba yake! Hakuwa hata na mpango. Alimwambia Anselme sitini, akamwambia Baker sitini, akatoa sita za muhuri bila kubisha. Mtu mzima kabisa! Mke wake Alisi akatia sahihi, majirani wakaitwa kuwa mashahidi wa mpaka wa kiwanja. Na mimi ni jirani. Nimeweka sahihi yangu kwenye mauzo ya Syahuka. Kalamu ilikuwa yangu.

Saa tisa alikuwa Kasese. Hajati Mayimuna amempa kiwanja. Na vile vyumba viwili.

Jamira amefungua kamba za cherehani, moja moja, akazikunja na kuziweka kabatini. Iliniuma. Naandika ukweli: iliniuma sana.

Jumapili, 9 Novemba

Tumemsaidia Syahuka kupakia lori. Amemwambia Jamira kwamba chumba kimoja cha duka atakipangisha, akitaka ashone humo. Jamira ameuliza kuhusu teksi za asubuhi za kwenda Kasese. Ameuliza nauli ya mtu mmoja tu.

Lakini usiku wa jana nililala kidogo na kuwaza sana. Nyumba yenye bati la kutu imeuzwa sitini. Yangu ina vigae. Na sasa mtaa huu hauna nyumba nyingine sokoni, yangu peke yake! Bei inapanda yenyewe. Jamira atapata duka lake mwenyewe, si la kupanga kwa Syahuka.

Nimeandika mia moja na kumi. Kesho asubuhi nitampelekea Baker taarifa mpya.

Nitamwambia thelathini.